Majani Matatu Katika Nyua za Kampala

Msafiri atokaye Bukoba akavuka mpaka pale Mutukula, akaipita Masaka na kuuvuka mstari wa Ikweta pale Kayabwe, huiona Kampala kwa rangi mbili kabla hajauona mji wenyewe. Rangi ya kwanza ni wekundu wa udongo, ulio wazi katika kila ukingo wa barabara uliochongwa na katika kila kilima kilichoanza kujengwa. Rangi ya pili ni kijani: migomba, miembe, mifenesi na, kadiri mtu anavyopanda kuelekea vilima vya wenye uwezo, nyasi fupi za nyuani zilizokatwa zikawa sawa kama zulia.

Jiji hili limekaa juu ya vilima, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kando ya Ziwa Victoria ambalo Waganda huliita Nalubaale. Mvua zake kubwa huja mara mbili kwa mwaka, kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Novemba au Desemba. Mahali penye jua la Ikweta na mvua kiasi hicho, ardhi haikubali kukaa uchi kwa muda mrefu. Lazima kitaota kitu, na ugomvi wa mwenye nyumba ni juu ya kitu gani kiote.

Ugomvi huo huletwa langoni na kijana mwenye bomba la dawa mgongoni. Mvua zikisha kushika kwa majuma mawili matatu, vijana wa kazi za bustani hupita katika vitongoji vya Ntinda, Naguru, Bugolobi na Muyenga wakitafuta kibarua. Kijana hutazama ndani, kisha humwita mama mwenye nyumba kwa adabu. "Nnyabo, uwanja wako umeingiliwa," husema, huku akionyesha mahali ambapo katikati ya nyasi nyembamba yametokea mabaka ya mmea mfupi wenye majani matatu matatu. "Hii ni klova. Nipige dawa, nisipige?"

Mama naye hutazama. Mabaka yale ni ya kijani kibichi kuliko nyasi zinazoyazunguka. Watoto wanacheza peku papo hapo. Fedha nyingi zilitumika kununua vipandikizi vya nyasi, na jirani wa ng'ambo ya ukuta uwanja wake hauna hata jani moja geni. Bomba limekwisha jazwa, na jibu linatakiwa sasa hivi.

Swali hilo laonekana dogo. Hata hivyo, mwenye kulijibu kwa haraka huenda akaua kilichokuwa kikimlishia uwanja wake, au akakihifadhi kile kitakachomchoma mtoto mguu, au akaumwagia mji mzima kitu ambacho mji huo utakinywa. Kwa hiyo yafaa kwanza kuufahamu uwanja wenyewe, kisha mmea, kisha maji.

UWANJA ULIOFAGIWA, SHAMBA LILILOFUNIKWA

Hapo zamani mbele ya nyumba ya Mganda hapakuwa na nyasi za kukata. Palikuwa na luggya, yaani uwanja mtupu uliofagiwa kila asubuhi hata udongo wake ukawa mgumu na laini kama sakafu. Usafi wa uwanja huo ulikuwa heshima ya mwenye nyumba. Ulikuwa pia na manufaa yake: nyoka alionekana kabla hajafika mlangoni, wageni waliketi hapo, na mazao yalianikwa juani.

Upande wa pili wa nyumba palikuwa na lusuku, shamba la migomba, ndugu wa kile kibanja wanachokijua vyema watu wa Kagera. Huko kanuni iligeuka. Udongo haukuachwa wazi hata kidogo. Majani makavu ya migomba na vipande vya mashina yaliyokwisha kuzaa vilitandazwa chini ili kuhifadhi unyevu na kuzuia magugu, na maharage yalipandwa katikati ya migomba. Mgeni angeweza kudhani kwamba mwenye nyumba hajui alitakalo, kwani mbele hufagia na nyuma hufunika. Kumbe mtu huyo alijua kwamba kila mahali pana kazi yake, na kwamba palipo na kazi ya kulisha mimea, udongo huvishwa.

Uwanja wa nyasi za kukatwa ulikuja na Waingereza. Kapteni Lugard alifika Buganda mwezi Desemba 1890 na kujenga ngome yake juu ya kilima ambacho leo chaitwa Kampala ya Zamani. Mji ulipokua kuelekea Nakasero na baadaye Kololo, nyumba za maofisa zilijengwa katikati ya viwanja vipana, kila moja ikizungukwa na nyasi fupi kwa mfano wa nyumba za Uingereza, nchi ya mvua za rasharasha na jua hafifu. Huko Entebbe bustani ya mimea ilianzishwa mwaka 1898, na mimea mingi ya kigeni ikajaribiwa humo. Uwanja wa nyasi ukawa alama ya cheo. Aliyekuwa na ardhi ambayo hailimwi wala haizai chakula, na bado akaweza kumlipa mtu wa kuikata, huyo alihesabiwa kuwa mtu mkubwa.

Uhuru ulipofika tarehe 9 Oktoba 1962 na bendera ya Uganda ikapandishwa pale Kololo, nyasi hizo zilirithiwa pamoja na nyumba. Hadi leo mgeni wa Kampala hupata raha kuzitazama. Anaweza kuziona mbele ya Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, chuo kilichoanzishwa mwaka 1922 na ambako Mwalimu Julius Nyerere alisoma kati ya mwaka 1943 na 1945. Anaweza kuziona kwenye kilima cha Kikaya, kulizunguka hekalu la Wabahai lililofunguliwa mwaka 1961, ambapo miteremko mipana ya kijani humfanya mtu ashushe sauti yake bila ya kuambiwa. Na karibu kila penye nyasi hizo atawaona wale korongo wakubwa wenye vichwa vya upara, ambao Waganda huwaita kalooli, wakitembea polepole kama wazee waliotumwa kukagua kazi.

Lakini nyasi hizo zimewahi kunyang'anywa cheo chao. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, uchumi ulipovunjika na bidhaa zikawa hazipatikani ila kwa magendo, viwanja vingi vililimwa. Mihogo, viazi vitamu na mahindi vilisimama mbele ya madirisha ya nyumba zilizokuwa za maofisa. Siku zile mmea haukuulizwa ukoo wake; uliulizwa unazaa nini. Kilimo cha mjini kiliendelea hata baada ya hali kutengemaa, na mwaka 2006 Halmashauri ya Jiji ilipitisha sheria ndogo za kukitambua na kukisimamia. Familia nyingi zilizorudishia nyasi mahali palipokuwa na mihogo hazikusahau somo lile, kwamba gugu ni jina tu ambalo mwanadamu huupa mmea asiouhitaji kwa wakati huo.

KLOVA NA KAZI YAKE

Klova ni jamii ya mimea midogo iliyo ndugu wa maharage, kunde na karanga. Wataalamu huiita Trifolium, maana yake majani matatu. Klova nyeupe inayosifiwa katika vitabu vya bustani vya Ulaya na Marekani hutambaa chini, hutoa mizizi kila kifundo kinapogusa udongo, na huchanua vichwa vya mviringo vyenye vijiua vingi vyeupe vinavyopendwa mno na nyuki.

Sifa yake kubwa imefichika ardhini. Katika mizizi ya klova, kama ilivyo katika mizizi ya maharage, mna vinundu vidogo mithili ya shanga. Ndani ya vinundu hivyo huishi bakteria wenye uwezo wa kuichukua naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mmea huwapa bakteria sukari, nao bakteria huupa mmea naitrojeni. Majani na mizizi ya klova yanapokufa na kuoza, sehemu ya chakula hicho hubaki katika udongo na kuliwa na nyasi za jirani. Ndiyo sababu uwanja uliochanganyika na klova hubaki wa kijani hata pale ambapo mwenyewe hanunui mbolea ya chumvichumvi.

Wazungu wenyewe walilijua jambo hilo. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, mbegu za klova zilikuwa zikichanganywa na mbegu za nyasi zilipouzwa kwa ajili ya viwanja vya nyumbani. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1940 ilipogunduliwa dawa iitwayo 2,4-D, ambayo huua mimea yenye majani mapana na kuziacha nyasi. Dawa hiyo haikuweza kubagua kati ya gugu na klova, iliviua vyote. Baada ya hapo uwanja mzuri ukaanza kuelezwa kuwa ni ule wenye nyasi tupu, na klova, ambayo jana ilikuwa mgeni wa heshima, ikaandikwa katika orodha ya magugu. Miaka ya karibuni watu wengi wa nchi hizo wameanza kuipanda tena, wakiona gharama ya mbolea na madhara ya dawa.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba klova ni mali ya Ulaya peke yake. Bara letu lina klova zake za asili, nyingi zikiwa katika nyanda za juu za Ethiopia na katika milima ya Afrika Mashariki. Mojawapo huitwa Trifolium usambarense, ikiwa imepewa jina la milima yetu ya Usambara. Nyingine, Trifolium semipilosum, hujulikana kama klova nyeupe ya Kenya, na Waaustralia wameipanda katika malisho yao kwa aina waliyoiita Safari. Klova hizi za Afrika zina bakteria wao. Aghalabu wale wa klova za Ulaya hawafanyi kazi ipasavyo katika mizizi yake.

Hapa ndipo penye shida ya Kampala. Klova hupenda ubaridi. Ile ya Kenya huonekana zaidi kuanzia mita 1,400 na kuendelea juu. Mtu aliyeko Kabale, mji ulio juu ya mita 1,800 katika milima ya kusini-magharibi ya Uganda, anaweza kuitegemea. Kampala, pamoja na vilima vyake, iko chini mno. Mbegu za klova nyeupe zikimwagwa katika ua wa Ntinda zaweza kuota vizuri wakati wa mvua, lakini ukavu na jua kali la Januari na Februari huzidhoofisha. Basi kijana wa bomba anaposema "hii ni klova," uwezekano mkubwa ni kwamba amekosea jina.

SI KILA MAJANI MATATU NI KLOVA

Mimea yenye majani matatu katika nyua za Kampala ni mingi, na tabia zake hazifanani. Kabla ya kumjibu kijana, mwenye nyumba hana budi kuinama na kutazama kwa makini.

Wa kwanza, na ndio udanganyao watu wengi, ni ule ambao Waganda huuita kajjampuni, wa jamii ya Oxalis. Vijani vyake vitatu vina umbo la moyo, kila kimoja kikiwa kimekatika kidogo kwenye ncha, na jioni hujikunja kama mwavuli. Maua yake huwa ya manjano au ya zambarau yenye wekundu, nayo hayakusanyiki katika kichwa cha mviringo kama ya klova. Watoto huujua kwa ulimi kabla ya kuujua kwa jina, kwani majani yake ni machachu na wao huyatafuna wakichezacheza. Jani moja au mawili hayana neno, lakini uchachu huo una asidi ambayo mifugo ikiila kwa wingi hudhurika. Mmea huu si ndugu wa maharage, hauna vinundu, na wala haulishi nyasi. Aina yake yenye maua ya zambarau, ambayo asili yake ni nchi za joto za Amerika, huficha chini ya udongo vitunguu vidogo vingi. Mtu akiukata kwa jembe huvitawanya, na msimu ufuatao hupata mimea kumi mahali pa mmoja.

Wa pili ni wa jamii ya Desmodium. Huu ni ndugu wa kweli wa maharage, una majani matatu, na mbegu zake hukaa katika vifuko vyenye kunata, vile vinavyong'ang'ania nguo za mtu akatizaye majanini. Aina zake kubwa ni malisho mazuri ya ng'ombe, na wakulima wengi wa Kenya na mashariki ya Uganda huzipanda katikati ya mahindi ili kulizuia lile gugu baya la kiduha. Aina zake fupi zikiingia uwanjani hufanya kazi ile ile ya klova, tena bila ya kuliogopa jua la Kampala.

Wa tatu hauna majani matatu, lakini hauwezi kuachwa bila ya kutajwa, kwa kuwa hukaa pamoja na hao wengine na huungwa nao katika hukumu moja. Huu ni weewumbeko, ambao Waswahili huuita kifauwongo, kwa jinsi unavyojikunja ukiguswa na kujifanya umekufa. Nao ni jamii ya kunde na mizizi yake ina vinundu. Ila una miiba, na penye watoto wanaotembea peku, wema wake wa chini ya ardhi hauwezi kulipia ubaya wake wa juu.

Ipo njia nyepesi ya kuitambua mimea hii ambayo haihitaji mtaalamu. Mwenye nyumba na achimbe mche mmoja kwa kisu au kijiko cha bustani, autoe pamoja na udongo wake bila ya kuuvuta, kisha auoshe taratibu katika beseni la maji. Akiona shanga ndogo zimeshikamana na mizizi, huyo ni mmoja wa ukoo wa maharage. Akikipasua kinundu kimoja kwa ukucha na kukuta ndani kuna rangi ya waridi au nyekundu, ajue kwamba bakteria wako kazini. Akikuta vitunguu vidogo vyeupe badala ya shanga, ana kajjampuni, na ameonywa mapema.

MAJI YASHUKAYO

Jambo la mwisho la kupimwa halimo ndani ya ua. Kampala ni mji wa miteremko. Mvua inyeshayo Kololo na Nakasero haikai Kololo wala Nakasero; huteremka kwa kasi katika mitaro, huingia katika mfereji wa Nakivubo, hupita katika kinamasi na kumwagika katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Wapitao karibu na mfereji huo saa moja baada ya mvua kubwa huona maji yake yamegeuka rangi ya matofali. Wekundu ule ni udongo wa nyua za watu, wa barabara na wa viwanja vya kujengea, ukienda usikorudi.

Katika ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba, ndipo yanapovutwa maji ambayo kwa miaka mingi yamesafishwa na kupelekwa katika mabomba ya jiji. Kadiri ghuba ilivyozidi kuchafuka, ndivyo kazi ya kuyasafisha ilivyozidi kuwa ngumu, na mtambo mwingine ukajengwa mbali zaidi, huko Katosi katika wilaya ya Mukono. Uchafu huo una vyanzo vingi, na ungekuwa uongo kuubebesha uwanja wa mama mmoja. Lakini ghuba hujazwa na nyua nyingi, kila mmoja ukitoa kidogo chake. Mbolea ya chumvichumvi iliyomwagwa siku moja kabla ya mvua, na dawa iliyopigwa mteremkoni jioni yenye mawingu, hufuata njia ile ile ya udongo. Aliye juu ya kilima humnywesha aliye chini, kisha naye mwenyewe hufungua bomba jikoni na kujaza birika.

Yafaa pia kufikiri nini hutokea dawa inapofanya kazi yake vizuri. Mabaka ya majani mapana hukauka, na baada ya juma moja au mawili huwa ni udongo mtupu. Katika nchi tambarare nyasi zingekuwa na muda wa kuenea na kuyafunika. Katika mteremko wa Muyenga, mvua ya kesho yaweza kufika kwanza. Maji huanza kuchimba mfereji mwembamba kama kidole. Mwisho wa msimu mfereji huo hulingana na mkono, na mwaka wa pili mwenye nyumba huitafuta lori ya udongo. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwenye nyumba huyo atakuwa amekwisha kuupata maana yake.

LA KUNG'OA NA LA KUACHA

Kwa hiyo jibu la swali la langoni haliwezi kuwa moja kwa mimea yote, ingawa kanuni yake ni moja, nayo ni ile ya lusuku: udongo usiachwe wazi.

Weewumbeko na ung'olewe, mapema, kabla haujatoa mbegu, maana mbegu zake huweza kukaa ardhini miaka mingi zikingoja. Kazi hiyo hufanywa asubuhi baada ya mvua, udongo ukiwa laini, na mikono ikiwa imevikwa glovu au kitambaa kizito. Shina livutwe na mzizi wake mrefu, lisikatwe juu juu.

Kajjampuni nao uondolewe, lakini kwa subira. Udongo uinuliwe kwa uma wa bustani, vitunguu viokotwe kimoja kimoja, na vitiwe katika ndoo. Visitupwe katika shimo la mboji, kwani humo vitaishi na kurudi uwanjani pamoja na mboji. Kazi hii hairudiwi mara moja tu. Yule atakaye kuimaliza katika siku moja atakata tamaa, lakini atengaye sehemu ndogo kila juma ataona tofauti misimu ikipita.

Mimea ya ukoo wa maharage isiyo na miiba yafaa iachwe, ila idhibitiwe. Nyasi zikatwe zikiwa na urefu wa kutosha, wastani wa sentimita 5 hadi 7, wala zisinyolewe hadi udongo ukaonekana, kwa kuwa nyasi zilizonyolewa mno hudhoofika na kuyapa magugu nafasi. Yaliyokatwa, yakiwa mafupi, yaachwe palepale yaoze, ili naitrojeni ya vinundu irudi ardhini badala ya kutupwa jalalani. Mahali palipong'olewa mmea pajazwe siku hiyo hiyo kwa vipandikizi vya nyasi zilizokwisha kuuzoea mji, kama vile ukoka au paspalumu. Na mteremko usipaliliwe wote kwa mara moja wakati wa mvua. Ufanyiwe kwa vipande, juu kwanza, kisha katikati, kisha chini.

Wenye kutaka kupanda mmea wa aina hiyo kwa makusudi wasisumbuke kuagiza mbegu za klova ya Ulaya. Upo mmea wa jamii ya karanga uitwao Arachis pintoi, ambao asili yake ni Brazil, nao hupandwa katika nchi nyingi za joto kuifunika ardhi. Hutambaa chini, huchanua maua madogo ya manjano, huvumilia kivuli na kukanyagwa kiasi, na vinundu vyake hufanya kazi katika joto. Hufaa hasa chini ya miti, mahali ambapo nyasi hukataa.

Zipo hoja za upande wa pili, na hazifai kudharauliwa. Maua huita nyuki, na mtoto achezaye peku anaweza kuchomwa. Mzazi mwenye hofu hiyo na akate maua kabla hayajafunguka mahali pa michezo, ayaache pembeni mwa ukuta, na awavishe watoto ndala. Mwenye mtoto ambaye huvimba au kushindwa kupumua akichomwa na nyuki ana haki ya kung'oa kila kinachochanua, na pasiwe na mtu wa kumlaumu. Mwenye ng'ombe wa ndani naye aangalie: klova mbichi yenye umande, ikiliwa kwa wingi na mnyama mwenye njaa, huweza kumjaza gesi tumboni hata ikamwua. Na majani yaliyopigwa dawa asipewe mnyama kabla ya siku zilizoandikwa katika kibandiko cha chupa kupita. Kama hakuna kibandiko, dawa hiyo isipigwe kabisa.

Iko pia hoja ya macho. Watu wamezoea kuona uzuri katika usawa, na uwanja wenye mabaka huonekana kama nyumba isiyo na mwenyewe. Hoja hiyo ni ya kweli kwa yule aliyeizoea, na hakuna sheria imlazimuyo mtu kuupenda mchanganyiko. Hata hivyo, mzee aliyelelewa pembezoni mwa lusuku haoni aibu kwamba maharage yameota kati ya migomba. Kwake huo ndio utajiri wa shamba. Akizoea kuutazama uwanja kwa jicho hilo hilo, mabaka yale ya kijani kibichi yataacha kumuudhi.

Basi kijana wa bomba angali langoni, naye hana kosa. Anatafuta riziki yake kwa kazi aliyofundishwa. Nnyabo hana haja ya kumfukuza. Na amwambie aushushe mzigo wake kivulini, ampe uma na beseni la maji, wachimbe pamoja mche mmoja na kuuosha. Wakikuta vitunguu, kijana amepata kibarua cha asubuhi nzima, tena cha malipo mazuri kuliko kupiga dawa, kwa kuwa kuokota vitunguu kwataka mikono na muda. Wakikuta shanga za waridi, kijana akate nyasi na kupandikiza palipo wazi, alipwe, aende zake, na aijue kazi hiyo kwa nyumba ya pili atakayobisha hodi. Mawingu yakianza kujikusanya juu ya ziwa saa za alasiri, mvua itaukuta uwanja umevaa nguo zake.